Njia ya Kumkwepa Mkwe

Siku hizi vijana wa Mbeya wanakuja huku Tukuyu na baiskeli zao za matairi mapana, wamevaa kofia ngumu na nguo za kubana, wanatafuta barabara za changarawe. Lami hawaitaki. Wanataka vilima, ukungu, mashamba ya chai na madaraja ya magogo, kisha wapigiane picha wakiwa na matope mpaka kwenye nyusi. Wakinikuta njiani wanashangaa: mama mtu mzima, sketi imekunjwa na kufungwa kiunoni juu ya suruali, anapanda kilima akiwa juu ya siti wakati wao wanakokota. Basi huniuliza.

"Mama, shikamoo. Njia nzuri ya kutoka Lufingo kwenda Masukulu ni ipi?"

Huwa nawaambia ukweli. Nawaambia washuke na barabara ya moramu mpaka mtoni na wasiiguse breki ya mbele, kwa sababu changarawe ya huku si mawe ya kawaida. Ni mawe ya volkano, mepesi, mengine ukiyatupa majini yanaelea. Tairi likiyapanda yanakimbia chini yake, na ukishika breki ya mbele umekwisha. Nawaambia kwenye mteremko warudishe makalio nyuma ya siti, na kwamba kilima cha baada ya mto hakipandwi kwa hasira. Hilo la mwisho wanadhani natania.

Kuna kipande kimoja cha barabara ambacho siwaelekezi. Ni kifupi, hakina korongo hata moja, kinapita uani kwenye nyumba ya bati jekundu. Niliishi karibu nacho miaka mingi ya ndoa bila kukikanyaga, na ndicho ninachotaka kukiandika hapa, maana nikikisimulia kwa mdomo napandisha sauti na watu wananiambia nitulie.

Nilizaliwa Kyimo, kando ya lami, penye watu wa makabila yote, nikaolewa Lufingo, nikapangiwa shule ya kufundisha upande wa pili wa kilima. Mume wangu ni dereva wa malori ya mizigo. Nyumba yake ya kweli ni foleni ya Tunduma. Tulijenga chini kidogo ya nyumba ya baba yake. Barabara ya kwenda shuleni ilitoka kwetu, ikapita uani kwa mzee, ikanyooka juu ya mgongo wa kilima mpaka kwenye lango la shule. Mtu mwenye baiskeli angeimaliza kabla uji haujapoa. Lakini mimi nilikuwa mkamwana wa nyumba ile. Nkamwana, kama wanavyosema wenyewe.

Wanyakyusa wana neno, kutila. Ukilitafsiri ni kuogopa, ila wao wanamaanisha heshima. Mke wa mwana hamtazami baba mkwe wake, naye hatazamwi. Hawasemezani, hawakai chumba kimoja, jina lake mwanamke halitamki. Mkikutana ghafla, mwanamke anaacha njia anaingia migombani mpaka mzee apite. Zamani ilikuwa hivyo kwa kila boma. Siku hizi wengi wameacha. Wenzangu wa umri wangu wanashikana mikono na baba wakwe zao baada ya ibada, na mchungaji alishasema kanisani kwamba si dhambi. Baba mkwe wangu alimsikiliza mchungaji, akaitikia amina, akaendelea na yake.

Kwa hiyo nilikuwa na njia yangu, njia ya kumkwepa mkwe. Ilizunguka nyuma ya nyumba yake kwa mbali, ikashuka mtoni, ikavuka daraja la magogo, kisha ikapanda kilima ambacho bodaboda wenyewe walikuwa wanashusha abiria. Kwa miguu nilikuwa nachelewa kila siku. Nikaenda Tukuyu mjini kwenye mitumba, nikanunua baiskeli ya gia. Watu walicheka sana. Huku kwetu kwenye milima baiskeli si chombo cha mwanamke, tena mwalimu, tena mke wa dereva wa lori. Kijiweni wakanipa jina ambalo sitaliandika. Lakini kilima kile kilinifundisha kuvuta pumzi na kukanyaga pedeli bila kutikisa mabega, na baada ya msimu mmoja nikawa nakimaliza bila kushuka.

Heshima si utumwa, ndivyo tunavyoambiwa. Aliyesema hivyo hakuwahi kupanda kilima kile na madaftari ya darasa la sita mgongoni, mvua inanyesha, wakati barabara tambarare anaiona kwa macho yake.

Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki peke yake. Binti yake mmoja tu, wifi yangu, ameolewa Masukulu. Nikawa mimi ndiye ninayempikia. Nilikuwa naweka kapu la chakula juu ya kisiki pembezoni mwa migomba yake, nakohoa, naondoka. Nikigeuka mbali naona mgongo wake ukiinama kulichukua. Jioni kapu lilikuwa linarudi kisikini, vyombo vimeoshwa, na ndani kuna kitu: parachichi, mkungu mdogo wa ndizi mbivu, mara moja maziwa ya mgando kwenye chupa ya soda. Sufuria zangu alikuwa anazisugua kwa majivu mpaka zinang'aa kuliko nilivyozinunua. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tunaongea. Nilimjua mzee yule kwa mgongo, kwa kikohozi na kwa sufuria, na nilimpenda. Naliandika hili wazi kwa sababu sikuwahi kulisema.

Kisha akaanza kuumwa. Miguu ilivimba, kikohozi kikawa kizito, kapu likawa linarudi na chakula nusu. Nikawa na haja moja tu, nayo haikuniacha nikiwa darasani wala nikiwa njiani: anifungulie. Maana ipo namna. Mzee mwenyewe huita jamaa wachache, hutoa zawadi, hata kuku, humsalimu mkamwana mbele yao, na tangu hapo anakuwa binti wa nyumba. Anaingia, anapika jikoni, anamwekea mgonjwa maji ya kuoga. Nilimsumbua mume wangu mpaka akampigia baba yake simu akiwa safarini Kongo.

"Anasema bado," mume wangu aliniambia.

"Bado nini? Anasubiri afe?"

"Anasema anajivunia wewe. Anasema wazee wenzake wote wakwe zao wanawapita uani kama kuku, yeye tu ndiye mwenye mkamwana aliyelelewa. Nimfanyeje?"

Nilikata simu. Kesho yake nikaweka kapu kisikini kama kawaida, nikakohoa kwa nguvu kidogo kuliko kawaida.

Siku yenyewe ilikuwa ya mazishi. Ndugu wa ukoo alikuwa amefariki Masukulu, na huku kwetu asiyekwenda kuzika anajiuliza yeye atazikwa na nani. Asubuhi walipakiana kwenye lori la kukodi, wanaume, wanawake, watoto wangu, bodaboda wote wa kijiweni, kilima kizima kikabaki na kuku. Mimi nilibaki kwa ajili ya chakula cha mzee. Masika yalikuwa yamechachamaa. Mvua ilinyesha, ikapumzika, ikanyesha.

Mchana nilipanda na kapu nikakuta la asubuhi bado liko juu ya kisiki. Halijafunguliwa, siafu wamejaa kwenye kifuniko. Nikasimama pale na makapu mawili. Kutoka ndani ya nyumba, upande wa nyuma, nikasikia mtu anaguna.

Nikakohoa.

"Nani?" Sauti ilitoka chini, si usawa wa kitanda. Nikakohoa tena. "Nkamwana," akasema, kisha akavuta pumzi kwa shida. "Usiingie. Nimeanguka. Nimechafuka, na nguo sina. Kamwite dada yako."

Kwa kusema dada yangu alimaanisha wifi. Wifi alikuwa Masukulu, msibani, ng'ambo ya vilima vyote. Nilikwenda mpaka ukutani, nikaweka kiganja kwenye tofali, nikasema maneno yangu ya kwanza kwa mtu aliyekula chakula changu miaka yote ile.

"Baba, naingia."

"Ukifungua mlango huo," akasema kwa lafudhi yake isiyo na z wala r, "utakuwa umenisika ningali hai. Nenda, mwanangu. Halaka."

Mwanangu. Hilo ndilo lililonishinda. Kama angenifokea ningesukuma mlango.

Simu ya wifi haikupatikana. Ya mume wangu haikupatikana. Niliwapigia majirani watatu, na simu zote zilikuwa zimezimwa, maana kule msibani mtu hawezi kuacha simu ilie jeneza likishushwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilifundishwa hivyo nikiwa mdogo, na mimi nawafundisha wengine. Nikachukua baiskeli.

Mpaka mtoni nilishuka vibaya. Maji yalikuwa yamechimba katikati ya barabara, changarawe imekusanyika pembeni kwenye vichuguu laini, na palipobaki pa kupita ni upana wa tairi. Raba za breki zilikuwa zimelowa, nikishika zinalia tu. Daraja la magogo nilikuwa nalivuka kila siku kwa kuikokota baiskeli. Siku hiyo nililipita juu ya siti, maji ya kahawia yakigonga magogo kwa chini. Sikuogopa. Nilikuwa nimekasirika mno, na mtu mwenye hasira anaweza kuvuka chochote ila kilima.

Kilima kilinikamata katikati. Nilikuwa nimekianza kwa gia nzito, nikikanyaga kama ninamkanyaga mtu, na kwenye kona ya mikaratusi pumzi ikakata, tairi la nyuma likazungukia mahali pamoja, nikaanguka ubavu. Goti lilichanika. Cheni ikatoka. Nilikaa kwenye matope nikiirudisha kwa vidole, nikimtukana baba mkwe wangu kwa sauti, peke yangu, kwenye mvua. Sikulitaja jina lake hata hapo, na nilipogundua kwamba sikulitaja ndipo nililia.

Juu ya kilima kuna mashamba ya chai, barabara inanyooka, na siku ya jua utaona mpaka mlima Rungwe. Siku hiyo niliona gurudumu la mbele na hatua chache za changarawe. Ukungu ulikuwa umelala juu ya chai. Niliendesha katikati ya weupe ule nikisikia mawe tu yakisagika chini yangu, na kila mara nilidhani nasikia mtu anaguna. Nilijiambia atakuwa amejivuta kitandani. Nilijiambia amelala. Kisha kuna miteremko miwili mirefu ya kuingia Masukulu, na hiyo niliiachia, breki nisizoziamini nisizishike, macho yamejaa tope, nikimwomba Mungu asinitolee ng'ombe njiani.

Nilifika msibani wakati wanashusha jeneza. Mamia ya watu wamesimama kwenye migomba chini ya miamvuli, hakuna anayesema. Mtu haingii mahali kama pale na baiskeli. Niliilaza mbali, nikapenya kwa wanawake, damu gotini, tope mpaka kwenye nywele, nao wakanipisha wakidhani marehemu alikuwa ndugu yangu wa damu. Wifi alikuwa mbele kabisa, karibu na kaburi.

Sikuweza kumwita. Nilimvuta khanga.

"Baba kaanguka," nilimnong'oneza. "Yuko sakafuni. Kanikataza kuingia."

Alinitazama uso, kisha goti. "Yuko na nani?"

"Na nani? Hakuna mtu kule."

Wifi ni mwanamke mpole lakini siku hiyo aliniuma kwa macho. Hata hivyo hatukuondoka pale pale. Mtu wa ukoo haondoki kabla udongo haujarudishwa bila ruhusa ya wazee, na mzee wa kuombwa alikuwa upande wa pili wa kaburi, akiimba. Tulingoja beti ziishe. Wifi akazunguka, akapiga magoti kwenye tope, akaeleza. Mzee akaita mwenzake, wakanong'onezana, wakatikisa vichwa, wakaruhusu. Lori lilikuwa limezama matairi mpaka kwenye rimu. Bodaboda mmoja wa Masukulu alijaribu kutupakia, pikipiki ikalala hata kabla hatujakaa.

"Panda keria," nilimwambia wifi.

Tulirudi hivyo. Kwenye mwinuko tulishuka wote tukakokota, yeye akisukuma keria kwa nyuma, viatu mkononi. Kwenye mashamba ya chai nilimpakia, ameshika kiuno changu, mzito, na nikamsikia anaongea na mgongo wangu.

"Huwa anasema unapanda kilima kama dume la ng'ombe."

"Kajuaje? Hajawahi kuniona."

"Asubuhi anakaa nyuma ya nyumba, anasikiliza mawe. Mimi nikilala pale ananiambia, nyamaza, huyo anavuka mto. Huyo yuko kwenye kona. Mawe yakinyamaza anasema, amefika juu. Ndipo anaingia ndani kunywa chai."

Nilikanyaga pedeli. Njia ilikuwa bado ndefu.

Mvua ilikuwa imekatika tulipofika. Mlango wa mbele, ule wa kwenye barabara niliyokuwa siipiti, ulikuwa wazi. Nilisimama migombani kwa mazoea, wifi akakimbilia ndani. Nilingoja nisikie yowe. Sikusikia kitu. Akatoka akasimama kizingitini.

"Wifi, njoo."

"Siwezi."

"Njoo. Uliitwa."

Niliingia katika nyumba ile kwa mara ya kwanza. Alikuwa amelala hapo hapo mlangoni, mguu mmoja umekunjwa. Alikuwa amejivuta kutoka chumba cha nyuma mpaka pale. Alama ya kujiburuza ilikuwa sakafuni yote. Alikuwa amevaa. Suruali, na koti lake la kanisani, vifungo vimekosewa, upande mmoja umepanda juu. Na kichwani alikuwa amejizungushia shuka, limefunika uso wote, akalifunga fundo nyuma ya shingo. Mkono wake ulikuwa bado kwenye ukingo wa mlango, chini kabisa, mahali ambapo mtu aliyelala anaweza kufika.

Wifi alimgusa ubavuni chini ya koti. "Hajakaa sana tangu akate roho," alisema. "Ana joto."

"Shuka la nini?"

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "La kwako. Mkwe akizidiwa na hakuna mtu, anajifunika uso mwenyewe, anaacha mlango wazi. Hapo mkamwana anaingia, anamnywesha, anamwosha, na hakuna mwiko uliovunjwa. Bibi yangu alimhudumia hivyo baba mkwe wake. Hawakukuambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nani angeniambia? Waliojua walidhani kila mtu anajua, na mimi ni wa Kyimo, wa kando ya lami. Yeye alidhani najua. Alinifukuza akiwa uchi na amechafuka, kisha akabadili mawazo, akajisafisha kadiri alivyoweza, akavaa koti, akajifunika, akajivuta akafungua. Akaniita, sijui mara ngapi. Aliamini bado niko nje, nimesimama kwenye kisiki na makapu yangu mawili, kwa kuwa mkamwana wake hakuwa mtu wa kuondoka.

Wifi alifungua fundo. Nilimtazama uso. Alikuwa na masikio ya mume wangu, na kidevu cha binti yangu mdogo, kile kidevu ambacho miaka yote nilikuwa najiuliza mtoto amekitoa wapi.

Siku ya kumzika walikuja watu wengi kuliko Masukulu. Mume wangu alifika usiku wa kuamkia mazishi, macho mekundu kwa barabara. Ilipofika zamu ya wazee kusema, yule yule aliyeombwa ruhusa kaburini alisimama, akaniita nisimame na mimi.

"Mtazameni huyu," alisema. "Dunia imehalibika, lakini huyu hakumwona mkwe wake mpaka siku ya kufa. Alikatazwa mlango, akatii. Alipanda milima kwenye mvua badala ya kumvunjia mzee heshima. Mabinti, mjifunze. Ndaga fijo, asante sana, nkamwana."

Wanawake wakapiga vigelegele vya chini chini, vya msibani. Mume wangu akanishika bega kwa fahari, na fahari ile ndiyo iliyonimaliza.

"Alinifungulia mlango," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka. "Alijifunika akanifungulia, akaniita. Mimi nilikuwa Masukulu nangoja ninyi mmalize kuimba."

Wanawake wawili wakanishika mikono, wakaniketisha taratibu, mmoja akanifuta uso kwa khanga yake akimwambia mwenzake kwamba ni uchungu, aachwe alie. Mzee akaendelea pale alipoishia. Mimi nilikuwa silii. Nilikuwa namtazama mume wangu, kidevu chake kimeinama, anaitikia kila neno la mzee.